Muulize Bi Fundi: Ndege Imekata Mawasiliano Angani, Nani wa Kulaumiwa?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu ndege za rimoti. Sishangai. Upepo wa kusi umelegea, alasiri zinavumilika, na vijana wa Malindi wamerudi ufukweni na ndege zao za foamu. Kwa msomaji mgeni: mimi ni fundi wa redio za maboti, zile ambazo nahodha huzikumbuka akiwa nje ya mwamba na injini imezima. Ndege za rimoti niliingizwa na mpwa wangu, na sasa meza yangu ina mabawa mengi kuliko maikrofoni. Nimechagua barua nne. Wanaouliza bei za droni wawaulize wauzaji.

*Shikamoo Bi Fundi. Nina ndege ya foamu yenye mabawa ya mita 1.2 na rimoti mpya ya gigahezi 2.4. Nilikuwa mdomo wa Mto Sabaki, nimeipeleka kama mita 300, nikaikunja kwa nguvu irudi. Ghafla haikunisikia tena. Mota ilizima, ikaanguka kwenye tope. Nilipoiokota taa ya risiva, kile kipokezi cha mawimbi ndani ya ndege, ilikuwa ikiwaka na kuzima, lakini usukani ulinitii kama kawaida. Wenzangu wanasema ni madishi ya Waitaliano kule Ngomeni, yanakula mawimbi. Nimeshauriwa ninunue busta ya kuongeza nguvu ya rimoti. Kitu pekee nilichobadilisha ni sevo, vile vimota vinavyosukuma usukani, nimeweka zenye gia za chuma. Ninunue busta gani? – Kijana wa Maweni, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Usinunue busta yoyote.

Tuanze na Ngomeni, maana uvumi huo naletewa hadi na wavuvi. Kituo cha anga cha Waitaliano kilichoko hapo, cha Luigi Broglio, kina historia yake: majukwaa ya San Marco pale baharini yalirusha roketi tangu 1967 hadi 1988, na satelaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, ndiyo maana ikaitwa hivyo. Siku hizi kazi ya madishi ni kuzungumza na satelaiti. Katika masafa yanayokaribiana na yako, satelaiti hupelekewa amri kati ya megahezi 2,025 na 2,110, na hujibu kati ya 2,200 na 2,290. Rimoti yako inafanya kazi kuanzia 2,400 hadi 2,483. Ni karibu, lakini hayaingiliani. Tena dishi humimina mawimbi yake kwa mwale mwembamba unaotazama juu, na wewe ulikuwa kama kilomita 20 kusini yake, umesimama topeni. Waache Waitaliano wapumzike.

Shahidi wako ni ile taa. Risiva nyingi zimeundwa hivi: zikikosa mawimbi tu, zinabaki macho, zinazima mota kama zilivyoamriwa, na mawimbi yakirudi taa inatulia. Lakini zikikosa umeme hata kwa sekunde moja, kompyuta yao ndogo inazima na kuanza upya, kisha taa inawaka na kuzima ili ikwambie kuwa umeme ulikatika. Soma kijitabu cha risiva yako uhakikishe, kwa sababu kila kampuni ina lugha yake ya taa. Ila nikiunganisha taa hiyo, sevo mpya za gia za chuma, na kwamba uliikunja ndege kwa nguvu, mimi simtafuti mwizi mwingine.

Kilichotokea ni hiki. Betri yako, nadhani ni lipo (ya lithiamu) ya seli tatu, ikijaa ina volti 12.6. Risiva na sevo zinataka 5. Anayeshusha volti hizo ni saketi iliyofichwa ndani ya kidhibiti mwendo wa mota, na kwenye vidhibiti vya bei ya chini mara nyingi hubeba ampea 2 au 3 tu. Zikiwa za aina ya zamani, volti zote za ziada zinageuzwa joto. Sevo za kiwandani ni ndogo, zinaridhika. Sevo za gia za chuma kwa kawaida zina mota kubwa zaidi, na ukivuta vijiti vyote pamoja huku upepo ukiyasukuma mabawa, zote zinadai umeme kwa wakati mmoja. Saketi inazidiwa, volti zinaporomoka, na risiva nyingi zikifika karibu na 3.5 zinakata tamaa. Ndege inayokwenda mita 15 kwa sekunde, risiva ikichukua sekunde mbili kuamka, imeshakwenda mita 30 bila rubani. Kwa ndege iliyo chini, hizo ndizo mita zote ulizokuwa nazo.

Dawa yake ni saketi ya peke yake ya kushusha volti, ile ya kuswichi isiyopata moto, yenye kubeba ampea 5 au zaidi. Ni kidude kidogo tu na ni rahisi kuliko busta. Halafu pima. Vua propela kwanza. Chomeka maltimita, kile kipima umeme, kwenye nafasi iliyo wazi ya risiva, mwenzako ashikilie kwa upole vipande vya usukani huku wewe ukizungusha vijiti vyote. Ikishuka chini ya 4.8, rudi mezani. Ujue pia kwamba maltimita ni mzito wa macho: mporomoko wa kufumba na kufumbua hauoni. Kama rimoti yako inaonyesha volti za risiva na kuweka kumbukumbu ya kiwango cha chini kabisa, iamini hiyo zaidi. Wako watakaokwambia uchomeke kapasita kubwa, kidude cha kuhifadhi umeme kidogo, kwenye risiva. Si vibaya, inasaidia kuvuka mabonde madogo, lakini saketi dhaifu itabaki dhaifu.

Sasa busta. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mbali mara mbili, inayofika ni robo. Kwa hiyo ukitaka umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne. Rimoti za 2.4 zinazouzwa Ulaya zimewekewa kikomo cha miliwati 100, na kwa nguvu hiyo ndege ya ukubwa wa yako itakuwa imeshageuka doa machoni kabla mawimbi hayajaisha. Wewe ulikuwa mita 300! Busta ingekuongezea kitu ulichokuwa nacho tele, ikakuingiza na matatani na Mamlaka ya Mawasiliano. Na kama yuko mtu anayekushawishi ununue mtambo wa megahezi 915 kutoka Marekani kwa kuwa "unafika mbali", mkatae pia. Masafa hayo kwao ni huru, kuanzia 902 hadi 928. Huku kwetu, mpaka 915 ndiko simu zetu zinakopandishia sauti kwenda mnarani. Utawasumbua watu nao watakusumbua.

Hata hivyo fungua mgongo wa ndege uangalie antena za risiva, kwa sababu nimeona kazi za kutisha. Antena ya 2.4 ni kile kipande cha mwisho tu kilichovuliwa ganda, milimita 31 hivi, robo ya urefu wa wimbi. Waya mnene unaotangulia ni njia tu. Mtu anaukunja mwisho huo, anaugandisha kwa gundi ya moto juu ya betri, kisha analalamika. Mawimbi ya antena yamekaa kama ngata, na antena imesimama katikati ya tundu: pembeni yamejaa, lakini juu ya ncha na chini yake ni patupu. Ndiyo sababu risiva nzuri zina antena mbili. Ziweke kwa pembe ya nyuzi 90, moja imesimama na moja imelala, ili ndege ikigeuka vyovyote moja iwe inakuona. Zisikaribie betri, waya za mota, wala kipande chochote cha kaboni, kwa sababu kaboni huzuia mawimbi kama bati. Na wewe mwenyewe mkononi: vijana wanaielekeza ncha ya antena ya rimoti kwenye ndege kama wanaonyesha mwezi. Hapo ndipo penye patupu. Ipinde antena ilale ubavuni, ubavu wake ndio uitazame ndege. Usigeuke pia ukaipa ndege mgongo huku rimoti iko tumboni. Mwili wa mtu ni maji, na masafa haya hayapendi maji.

Jambo jingine ni hilo tope la Sabaki, ambalo lina chumvi. Chomoa betri, suuza vyote kwa maji matamu, sevo na risiva zikiwemo, kaushia kivulini kwa muda wa kutosha, kisha safisha plagi kwa spiriti. Betri iliyoingia maji ya chumvi usiirudishe ndani ya nyumba. Nje, mbali na makuti. Ukiona vumbi la kijani kwenye pini za plagi, usikwangue, badilisha. Kwenye maboti nusu ya kazi yangu ni hicho kijani: redio haina neno, ila umeme haufiki. Hapa pwani hata ndege isiyoanguka inakula chumvi kila siku, kwa hiyo chomoa na uchomeke tena kila plagi mara kwa mara, hata kama hujaona kasoro.

Kabla ya kurusha tena, fanya jaribio la umbali chini. Rimoti nyingi zina hali maalumu inayopunguza nguvu makusudi. Mwenzako aishike ndege kwa uimara, juu ya usawa wa kiuno, wewe rudi nyuma hatua 30. Zungusha vijiti, naye aigeuze ndege pande zote: pua, mkia, tumbo. Rudieni mota ikiwa inanguruma, mwenzako akiwa nyuma ya propela. Ikiwa inatii mota ikiwa kimya na inatetemeka mota ikiwaka, kelele zinatoka ndani ya ndege yenyewe. Vijana wengi huliruka zoezi hili kwa kuona haya mbele ya watazamaji.

*Asalaam aleikum Bi Fundi. Niko Shela, Lamu. Nikisimama karibu na maji na ndege ikishuka chini juu ya mkondo, rimoti inalia kwamba mawimbi ni dhaifu, hata ikiwa mita 400 tu. Nikipanda vilima vya mchanga, inafika mbali zaidi kimya kimya. Je, maji ya chumvi yanameza mawimbi? Au ni waifai za mahoteli? – Mwana wa Shela*

Wa aleikum salaam. Nusu ya jibu umeshaipata kwa miguu yako ulipopanda kilima.

Juu ya mkondo, tatizo si kumeza. Bahari hurudisha mawimbi. Ndege inapokea mawimbi mara mbili: yaliyokuja moja kwa moja, na yaliyogonga maji yakaruka. Ndege ikiwa chini sana, yale ya pili yanafika yamegeuzwa kichwa chini, na hayo mawili yanafutana. Tena mawimbi ya redio hayasafiri kama uzi. Yanahitaji uwazi mnene uliotuna katikati ya safari. Kwa gigahezi 2.4 na mita 400, uwazi huo katikati unafikia kama mita 3.5 kila upande. Kwa kilomita moja ni kama mita 5.6. Wewe umesimama mchangani, rimoti iko kifuani, ndege iko mita tatu juu ya maji. Sehemu ya njia yako imezama. Ndiyo maana mahali palepale panaweza kukupa majibu mawili siku moja: jaribu maji yakiwa yamejaa bamvua, kisha jaribu yakiwa yamekupwa. Manahodha wanalijua hili bila hesabu, wanataka antena iwe juu ya mlingoti na hawaulizi kwa nini.

Kwa hiyo simama juu na urushe juu. Lakini usiipitishe ndege nyuma ya kilima, mchanga haupitishi kitu. Na msivikanyage vilima hivyo na kundi zima la marafiki, chini yake ndiko yanakohifadhiwa maji matamu ya kisiwa.

Waifai naiondolea lawama, kwa sehemu kubwa. Rimoti za kisasa hazikai mahali pamoja. Zinarukaruka katika upana wote wa megahezi 80 na ushei, mara nyingi kwa sekunde, ilhali waifai moja inashika kama megahezi 20. Pakiti, yaani vipande vya ujumbe, zitakazogongana zitapotea, nyingine zitapita, na ndege haitahisi. Na kwenu Lamu, kuta zenyewe za matumbawe ni nene kiasi kwamba waifai ya chumbani haifiki barazani, itakufikiaje ufukweni? Ninayemuogopa mimi ni kamera ndogo unayoifunga juu ya ndege, waifai yake ikiwa imewashwa ili uone picha kwenye simu. Hiyo inapiga kelele sentimita kumi kutoka kwa risiva. Izime kabla ya kuruka.

Neno la mwisho kwako ni zito. Uwanja wa ndege wa Manda uko ng'ambo ya mkondo, na ndege zenye watu hushuka hapo. Zungumza na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, kabla hujaendelea. Kanuni za vyombo visivyo na rubani zilitoka 2020 na zina kikomo cha futi 400, yaani kama mita 120. Karibu na uwanja, hata futi 400 si zako bila ruhusa. Vijana wa Malindi nao wasicheke, uwanja wetu uko mlangoni pa mji.

*Bi Fundi, hujambo. Jirani yangu Mtaliano amerudi kwao akaniachia ndege ya mbao ya balsa na rimoti yenye antena ndefu ya kuvuta. Imeandikwa megahezi 35, chaneli 66. Mjukuu wangu ana rimoti ya kisasa. Zikiwashwa pamoja zitagombana? Na waya wa risiva ni mrefu mno, naweza kuukata? – Babu wa Shella, Malindi*

Sijambo babu, shikamoo. Hazitagombana. Moja iko 35, nyingine iko 2,400, hakuna wanapokutana.

Waya usiukate hata kidogo. Huo wa mita moja hivi ndio antena, na risiva ilisetiwa kiwandani kwa urefu huohuo. Upitishe nje hadi mkiani ulegee nyuma. Rimoti nayo vuta antena yake yote, si nusu. Ndani ya kila kimoja kuna kristali ya chaneli 66, kidude kinachoamua masafa, na hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa wa zama zile: mtu mwingine mwenye 66 akiwasha rimoti yake karibu nawe, ndege yako inaanguka, kwa kuwa risiva haikuweza kutofautisha bwana wake na mpita njia. Vilabu vya Ulaya viliweka ubao wenye vibanio vya namba, na hukuruhusiwa kuwasha bila kushika kibanio chako. Rimoti za leo zina namba yao ya siri ambayo risiva hufundishwa mara moja, basi. Ugomvi umekwisha.

Ukiniuliza mimi: masafa ya 35 yalitengewa ndege za mfano huko Ulaya, hapa kwetu ulizia kwanza Mamlaka ya Mawasiliano. Betri za ndani zitakuwa zimekufa, na kristali ni dhaifu kama kioo, huvunjika kwa mshtuko bila kuonyesha ufa. Ndege ya balsa ni mali. Itie risiva ya 2.4 kama ya mjukuu, na ile rimoti ndefu mpe aichezee akiwa amekaa.

*Dada Fundi, salaam. Mwanangu wa miaka 13 anarusha ndege juu ya watu wanaooga. Nikimkemea ananiambia ina feilisefu, ikikosa mawimbi itarudi yenyewe. Ni kweli? – Mama wa Casuarina, Malindi*

Salaam, dada yangu. Kwa ndege yake, karibu nina hakika si kweli.

Kurudi yenyewe kunahitaji GPS na kompyuta ya kuiongoza. Mwaka 2003 Mmarekani Maynard Hill na wenzake walivusha ndege ya mfano kutoka Newfoundland hadi Ireland, takriban saa 39 angani, na katikati ya bahari haikuwa rimoti iliyoiongoza, ilikuwa GPS na kompyuta. Ndege ya kawaida ya foamu haina hayo. Feilisefu yake ni amri tu zilizowekwa mapema: zima mota, weka usukani hivi. Kisha inashuka hapohapo ilipo, iwe juu ya maji au juu ya kichwa cha mtu. Na mbaya zaidi, kuna rimoti za bei rahisi zinazotoka kiwandani zikiwa zimeamriwa kushikilia amri ya mwisho. Kama alikuwa amekaza mwendo, mota itaendelea kukaza bila mtu, mpaka betri iishe au igonge kitu.

Juu ya waogaji isipite, hata feilisefu ikiwa sahihi. Kuhusu amri zilizomo, usimwamini kwa maneno. Mwambie avue propela mbele yako, awashe vyote, asukume kijiti cha mwendo hadi katikati, kisha azime rimoti ghafla. Mota inatakiwa inyamaze mara moja, au baada ya sekunde moja hivi. Ikiendelea kunguruma, ndege isitoke nyumbani mpaka aiseti upya, na baada ya kuiseti alirudie jaribio hilo ukiwa umesimama hapo.